Frank Hornby: Karani wa Liverpool aliyewapa watoto nati na bolti

Mtoto wa kijijini akipata waya, kopo tupu na ndala iliyokatika, kabla jua halijazama ana gari. Gari likiharibika, analifumua, na waya uleule kesho unakuwa baiskeli au trekta. Wengi wetu tumepita huko.

Zaidi ya miaka 120 iliyopita, baba mmoja katika mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza, alianza karibu vivyo hivyo: kwa vipande vya bati alivyokata kwa mkono wake, akiwatengenezea wanawe kitu cha kuchezea. Jina lake ni Frank Hornby. Hakuwa mhandisi wala fundi wa chuma. Alikuwa karani wa hesabu.

Leo vitu vilivyotoka kwenye kiwanda chake hununuliwa mitumba na watu wazima, hufunguliwa, husafishwa na kutengenezwa upya, na baadhi huuzwa kwa bei ya ng'ombe. Katika makala haya tunaeleza maisha yake, mkopo mdogo uliomwinua, na kwa nini jina lake liliandikwa hata kwenye maboksi ya vigari vya umeme ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuviona.

Mtoto wa mfanyabiashara

Frank Hornby alizaliwa Liverpool tarehe 15 Mei 1863. Baba yake, John, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula, na mama yake aliitwa Martha. Liverpool ya wakati huo ilikuwa moja ya bandari kubwa za dunia. Meli ziliingia na kutoka usiku na mchana, na winchi za kupakua mizigo zilionekana kila upande. Mtoto aliyekulia hapo hakuhitaji kusimuliwa mashine ni nini. Alizitazama zikifanya kazi.

Akiwa na miaka 16 aliacha shule na kuanza kazi ya ukeshia katika biashara ya baba yake. Ujanani alipenda kusoma habari za wavumbuzi waliotoka katika umaskini, na alijaribu vitu vingi kwa mikono yake. Hata hivyo hakuwa na mafunzo ya ufundi wala karakana yenye vifaa.

Januari 1887 alimwoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule. Walijaliwa wana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia. Mwaka 1899 baba yake alifariki, na biashara ya familia ikafungwa. Frank, akiwa na miaka 36 na watoto wa kulisha, akaajiriwa kuandika vitabu vya hesabu kwa David Elliott, mfanyabiashara aliyekuwa akiingiza nyama kutoka nje ya nchi. Mshahara ulikuwa mdogo.

Kipande kimoja, kazi nyingi

Katika kipindi hicho alianza kuwatengenezea wanawe madaraja, malori na winchi ndogo za kuchezea. Alikata vipande kutoka kwenye bati na kuviunganisha. Lakini alikutana na tatizo ambalo kila fundi analijua: kipande kilichokatwa kwa ajili ya daraja hakikufaa kwa winchi. Kila kitu kipya kilidai vipande vipya, na kazi ikaanza upya.

Ndipo likamjia wazo lililobadilisha maisha yake. Badala ya kukata kipande kwa ajili ya kitu kimoja, kwa nini asikate vipande vinavyofanana, vyenye matundu yaliyopangwa kwa umbali ulio sawa? Alitengeneza mikanda ya shaba yenye upana wa nusu inchi, na kuitoboa kila baada ya nusu inchi. Sasa mkanda wowote uliweza kufungwa kwenye mkanda mwingine wowote kwa nati na bolti. Leo ni daraja. Kesho unalifungua, na vipande vilevile vinakuwa winchi.

Kulikuwa na jambo la pili lililofichika ndani ya matundu hayo. Tundu lilelile linalopokea bolti liliweza pia kushika ekseli ya gurudumu ikazunguka humo. Kwa hiyo mkanda mmoja ulikuwa ukuta, nguzo na bearing kwa wakati mmoja. Mtoto hakujenga tu kitu cha kusimama na kutazamwa. Alijenga kitu kinachosogea, na alijifunza kwa vidole vyake jinsi gurudumu, kapi na gia zinavyofanya kazi.

Mwanzoni Hornby alitengeneza hata nati na bolti mwenyewe, mpaka alipopata mahali pa kuzinunua.

Mkopo wa pauni tano

Mwishoni mwa mwaka 1900 aliona kwamba vipande vyake vinafaa kuuzwa. Lakini wazo lisilolindwa huibiwa, na kulisajili lilikuwa na gharama. Hornby hakuwa na fedha hizo. Alikwenda kwa mwajiri wake, Elliott, akakopa pauni 5. Januari 1901 aliwasilisha maombi ya hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya uvumbuzi wake.

Pauni 5 ni kiasi gani? Boksi la kwanza la vipande hivyo lilipotoka, liliuzwa kwa shilingi 7 na peni 6 za Uingereza, na pauni moja ilikuwa na shilingi 20. Kwa hiyo deni lote lilikuwa sawa na bei ya maboksi 13 hivi. Kwa mtu mwenye mtaji ni fedha kidogo. Kwa karani mwenye familia, ilikuwa tofauti kati ya kuwa na haki ya wazo lake na kulipoteza.

Hati haikuleta wateja. Viwanda alivyoviendea havikuvutiwa, kwa sababu vipande alivyoonyesha vilikuwa vimekatwa kwa mkono na havikuwa na umaliziaji mzuri. Naye alikuwa kazini kutwa, hakuwa na muda wa kuzunguka. Elliott ndiye aliyeona mbali. Alimpa chumba kilichokuwa wazi karibu na ofisi, na wawili hao wakawa washirika.

Hornby aliomba pia maoni ya Profesa Henry Hele-Shaw, mkuu wa idara ya uhandisi katika chuo cha Liverpool. Profesa aliusifu uvumbuzi huo, na maneno ya mtu wa hadhi yake yalifungua milango. Mwaka 1902 maboksi ya kwanza yaliingia madukani kwa jina la Mechanics Made Easy, yaani ufundi wa mashine uliorahisishwa, pamoja na kijitabu chenye michoro ya vitu 12 vya kujenga.

Miaka mitano bila faida

Tunapenda kusimulia mafanikio kana kwamba yalikuja kwa usiku mmoja. Hesabu za Hornby zinasema vingine. Mwaka 1903 waliuza maboksi 1,500, lakini hawakupata faida. Mwaka 1904 waliongeza aina za maboksi zikafika sita, na vitabu vya maelekezo vikatoka kwa Kiingereza na Kifaransa. Faida ya kwanza, nayo ndogo, ilionekana mwaka 1906. Toka alipokopa zile pauni 5 hadi hapo ni miaka mitano. Muda wote huo aliendelea kuandika vitabu vya hesabu vya biashara ya nyama.

Mwaka 1907 tatizo likageuka. Wateja walikuwa wengi kuliko vipande. Hornby aliacha kazi ya ukarani, akapanga karakana katika mtaa wa Duke Street, na kwa mkopo mwingine uliochukuliwa pamoja na Elliott akanunua mashine. Mwaka huohuo alisajili jina fupi lililo rahisi kutamkwa katika lugha nyingi: Meccano.

Tarehe 30 Mei 1908 kampuni ya Meccano ilianzishwa rasmi. Elliott, aliyetoa zile pauni 5 na kile chumba, aliamua kutojiunga. Hornby akabaki mmiliki peke yake, na utajiri uliofuata ulikuwa wa Hornby.

Biashara ilikua haraka. Mwaka 1912 yeye na mwanawe Roland walifungua kampuni Ufaransa. Mwaka 1914 kiwanda kikubwa kilijengwa katika barabara ya Binns Road, Liverpool, na kwa zaidi ya miaka 60 hapo ndipo palipokuwa makao makuu. Wakazi wengi wa Liverpool, wanawake wakiwa sehemu kubwa, walipata riziki zao ndani ya kuta zake. Mwaka 1916 likaanza jarida la Meccano Magazine, lililowaeleza wasomaji wake wadogo habari za madaraja, meli na injini.

Hapa tuseme jambo moja waziwazi. Matangazo ya Meccano yaliwalenga wavulana. Wasichana walionekana kana kwamba nati na bolti si zao, ingawa mikono ya mama na dada zao ndiyo iliyopakia maboksi hayo kiwandani.

Treni, kisha vigari vidogo

Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, treni nyingi za kuchezea zilizouzwa Uingereza zilitoka Ujerumani. Baada ya vita, wanunuzi wengi wa Uingereza hawakutaka tena bidhaa za Kijerumani. Hornby aliona pengo hilo. Mwaka 1920 alitoa treni yake ya kwanza, iliyoendeshwa kwa springi inayokazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Treni hiyo ya mwanzo iliweza kufunguliwa kwa nati na bolti na kuunganishwa tena, kama Meccano yenyewe.

Treni ikishakuwa na reli na stesheni, inahitaji watu, mizigo na magari pembeni yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kiwanda kilianza kutoa sanamu ndogo kwa ajili hiyo. Mwaka 1933 vilitoka vyombo sita vidogo vya chuma: gari la michezo, gari la watu wawili, lori, gari la mizigo lenye boksi, trekta ya shamba na kifaru cha jeshi. Mwaka 1934 vikaanza kuitwa Dinky Toys. Vigari hivyo vilivyokaa kwenye kiganja cha mtoto ndivyo vinavyowindwa zaidi leo na wakusanyaji wa vitu vya zamani.

Wakati huohuo Meccano ilikuwa imevuka mpaka wa michezo. Katika miaka hiyo ya 1930, mwanasayansi Douglas Hartree wa Manchester, akisaidiwa na mwanafunzi wake Arthur Porter, alijenga kwa vipande vya Meccano mashine ya kutatua hesabu ngumu za fizikia. Ilikuwa miongoni mwa mababu wa kompyuta.

Bungeni, na mwisho wa maisha

Hornby alikuwa sasa tajiri mkubwa. Mwaka 1931 alichaguliwa mbunge wa Everton, sehemu ya Liverpool, kwa tiketi ya chama cha Conservative, akakaa bungeni hadi mwaka 1935. Afya yake haikuwa nzuri. Alisumbuliwa na moyo na kisukari. Alifariki Liverpool tarehe 21 Septemba 1936, akiwa na miaka 73, na akazikwa Maghull, mji mdogo alikokuwa akiishi. Roland, mmoja wa wale watoto waliochezea vipande vya kwanza vya bati, akachukua uenyekiti wa kampuni.

Jina lililohamia kwenye vigari vya umeme

Mwaka 1957, miaka 21 baada ya kifo cha Hornby, mvumbuzi mwingine wa Uingereza, Fred Francis, alitoa mchezo ulioitwa Scalextric. Ni mashindano ya vigari vya umeme. Barabara yake ina mfereji mwembamba, na pembeni mwa mfereji kuna mikanda miwili ya chuma inayopitisha umeme. Chini ya pua ya kigari kuna kishikizo kinachoingia kwenye mfereji na kukiongoza. Mchezaji anashika kidhibiti mkononi: akibonyeza sana, kigari kinakimbia, akibonyeza mno kwenye kona, kigari kinaruka nje ya barabara.

Francis aliuza kampuni yake mwaka 1958 kwa Lines Brothers, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea. Mwaka 1964 kampuni hiyohiyo ikanunua na Meccano. Kwa njia hiyo treni za Hornby na vigari vya Scalextric vikajikuta chini ya paa moja. Lines Brothers ilipoanguka mwaka 1971, mali zake ziligawanywa. Treni na vigari vya umeme vilibaki pamoja, na baadaye kampuni iliyovimiliki ikachukua jina la Hornby. Ndiyo maana jina la karani wa Liverpool lilionekana kwenye boksi la kigari cha umeme. Kiwanda cha Binns Road hakikupona. Kilifungwa Novemba 1979.

Anayenunua mtumba hutazama nini

Kila kiwanda kinapofungwa, bidhaa zake huanza maisha ya pili. Vigari vya Dinky, treni za Hornby na vigari vya Scalextric hupatikana kwenye minada, masoko ya vitu vilivyotumika na madari ya nyumba za wazee. Mkusanyaji hununua kitu kilichovunjika kwa bei ndogo, kisha hutafuta vipuri. Kazi hiyo ina mambo manne ambayo mzoefu huyatazama, na fundi yeyote wa redio au baiskeli atayatambua.

La kwanza ni mwili wa kitu. Baadhi ya vigari vya Dinky vya miaka ya 1930 vilitengenezwa kwa zinki iliyochanganyika na uchafu wa madini mengine, hasa risasi. Chuma cha namna hiyo huvimba polepole, hupasuka na mwishowe hubomoka chenyewe, hata kikiwa kimehifadhiwa kabatini. Ugonjwa huo hauna dawa. Ukiona nyufa nyembamba mwilini, unanunua kitu kinachokufa.

La pili ni mota, kwa upande wa vigari vya umeme. Kigari kilicholala miaka 40 si lazima kiwe kimeungua. Mara nyingi grisi imekauka, brashi zinazopeleka umeme kwenye mota zimechafuka, na nyuzi za shaba zilizo chini ya pua zimepata kutu. Husafishwa kwa spiriti, hutiwa tone moja la mafuta kwenye ekseli, na tairi zilizokauka hubadilishwa. Vigari vya Scalextric vya kawaida hutumia umeme wa volti 12 kupitia transfoma. Transfoma ya zamani yenye waya uliochubuka haichomekwi ukutani hata kwa dakika moja ya majaribio, inaweza kuua.

La tatu ni rangi. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Vumbi lake likivutwa au kulambwa hudhuru ubongo. Kwa hiyo kitu cha zamani hakipigwi msasa kikavu ndani ya nyumba, mikono huoshwa kabla ya kula, na mtoto mdogo hapewi kigari hicho akitie mdomoni. Tahadhari hiyo inahusu pia kopo, kitanda au mlango wowote wa zamani uliopakwa rangi usiyoijua.

La nne ni ukweli. Kigari chenye rangi yake ya mwanzo, hata kama imechubuka, kwa kawaida huwa na thamani kuliko kilichopakwa upya kikang'aa. Ndiyo sababu wakusanyaji makini hufikiri mara mbili kabla ya kugusa brashi. Kupaka upya si kosa. Kosa ni kukipaka, kisha kukiuza kana kwamba hakijaguswa. Fundi mwaminifu humwambia mnunuzi ni tairi zipi mpya, ni boksi lipi la kuiga, na ni rangi ipi ya juzi. Mnunuzi akigundua mwenyewe baadaye, fedha huenda zikarudishwa, lakini jina la fundi halirudi.

Vipande vinavyoingiana

Binns Road haina kiwanda tena, na kampuni za Hornby zilipita mikononi mwa watu wengi. Kilichodumu ni kipimo. Ukichukua mkanda wa Meccano uliotobolewa enzi za uhai wake, ukaufuta kutu na kuuweka juu ya mkanda uliotengenezwa miongo mingi baadaye, matundu yanakutana. Bolti inaingia. Hilo ndilo linalomwezesha mtu kununua boksi lililopungua vipande nusu, akaokota vipande vingine mahali pengine, na jioni akamwita mtoto wake aje ashike spana.